Maswali ya wasomaji: oili ipi, na imwagwe lini?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu oili ya injini. Tumechagua tano na kuzifupisha.

*Ninaendesha Toyota IST ya mwaka 2005 yenye injini ya 1NZ, na kila siku ninatoka Kimara kwenda Kariakoo na kurudi. Fundi wangu huniwekea oili ya 20W-50 kwa hoja kwamba Dar es Salaam kuna joto na oili nyepesi itaungua. Jirani yangu anasema gari hilo linataka 5W-30. Kuhusu kubadilisha, fundi anasema kilomita 5,000, ilhali muuzaji wa oili anasema sintetiki inafika 10,000. Nimsikilize nani?*
Msomaji, Kimara, Dar es Salaam

Ndugu msomaji, kuhusu uzito wa oili jirani yako yuko sahihi, na inafaa tueleze kwa kirefu kwa nini, kwa sababu hoja ya joto la pwani ndiyo inayorudiwa zaidi katika gereji zetu. Namba inayotangulia herufi W hupimwa katika baridi ambayo Dar es Salaam haitaiona kamwe: oili ya 5W hujaribiwa katika nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili ndiyo inayoeleza uzito wa oili ikiwa kazini, kwani hupimwa katika nyuzi 100 za Selsiasi. Sasa, rejeta na themostati ziliwekwa ili maji ya injini yakae karibu na nyuzi 90, iwe gari liko Makambako alfajiri ya Julai au Kariakoo saa nane mchana mwezi wa Februari. Ikiwa mfumo wa kupoza ni mzima, joto la nje hubadilisha joto la oili kidogo kuliko tunavyodhani, na ikiwa mfumo huo ni mbovu, dawa yake ni rejeta, feni au themostati, wala si oili nzito.

Injini yako ina mfumo wa VVT-i, ambao hutumia msukumo wa oili yenyewe kubadili wakati wa kufunguka kwa vali, na oili hiyo hupita katika vijia vyembamba na wavu mdogo kabla ya kufika inakotakiwa. Mafundi waliounda injini hiyo walipanga ukubwa wa vijia hivyo, pamoja na nafasi kati ya beringi na krankshafti, wakiwa na oili nyepesi akilini. Ukiweka 50 badala ya 30, oili hupanda polepole asubuhi injini inapowashwa, pampu hufanya kazi zaidi, na petroli hutumika zaidi kidogo. Injini haitakufa kesho kwa sababu hiyo, na ndiyo maana fundi wako hajaona ubaya wake, lakini hupati faida yoyote inayofidia hasara hizo. Mtu aliyeweka 10W-30 hajakosea. Tungekubali oili nzito zaidi, kwa mfano 10W-40, kwa injini iliyochoka ambayo tayari inakula oili, tena kama njia ya kusogeza siku huku fedha ya kubadilisha ringi au sili za vali ikitafutwa.

Huna haja ya kututegemea sisi wala jirani. Fungua boneti utazame kifuniko cha kuongezea oili, kwa kuwa magari mengi yameandikwa uzito wake hapo. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, fungua kurasa za mwisho zenye majedwali: maandishi hutayaelewa, lakini 5W-30 au 0W-20 imeandikwa kwa herufi na tarakimu zetu hizi hizi. Kwenye galoni tafuta pia alama ya API, yaani kiwango cha ubora cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambayo kwa injini za petroli huanza na herufi S. Herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya zaidi, na kipya hufaa mahali pa cha zamani. Kwa gari lako, SN iliyoanza mwaka 2010 au SP iliyoanza mwaka 2020 inatosha kabisa. Galoni isiyo na alama yoyote ya kiwango iache dukani, hata kama bei yake inashawishi.

Kuhusu kilomita, fundi wako amekaribia ukweli kuliko muuzaji. Toyota huwaambia wateja wake wa Japani kwamba injini ya petroli isiyo na tabo ibadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lakini gari linalofanya kazi katika mazingira magumu lipewe nusu ya hapo, yaani kilomita 7,500 au miezi 6. Mazingira magumu yanayotajwa ni barabara mbovu zenye vumbi, safari fupi fupi za mara kwa mara, milima, na kusimama muda mrefu injini ikiunguruma. Ni nadra kupata gari la Dar es Salaam lisiloingia katika maelezo hayo.

Kilomita peke yake haioneshi kazi iliyofanywa. Gari linalokwenda Mbeya kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita 5,000 baada ya saa zipatazo 83 za kuunguruma. Gari linaloshinda kwenye foleni kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa huhitaji saa 333 kufikisha kilomita hizo hizo, na muda wote huo oili inazunguka, inapata joto na kupokea masizi, ingawa mita ya kilomita haisogei. Kwa hiyo ahadi ya 10,000 ichukuliwe kuwa ni ya barabara iliyo wazi. Kwa njia yako ya kila siku tunashauri 5,000 kwa oili ya kawaida, na isizidi 7,000 kwa sintetiki kamili, au miezi 6, kutegemea kipi kitatangulia. Filta ibadilishwe kila mara. Kumwaga oili chafu na kuacha filta iliyojaa uchafu ni kubana matumizi mahali pasipofaa, kwa sababu filta ni sehemu ndogo tu ya gharama yote.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni zito kuliko yote uliyouliza. Kwa maoni yetu, injini zinazonoki kwa kuishiwa oili ni nyingi kuliko zinazonoki kwa oili iliyochakaa. Kila wiki, kabla ya kuwasha gari asubuhi, likiwa limesimama mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena na usome. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili, na isivuke ya juu. Injini yako hupokea takribani lita 3.7 pamoja na filta, hivyo ukinunua galoni ya lita 4 hubaki kiasi cha kuongezea baadaye. Kidai kwa fundi, ni chako. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi usiifanye kipimo, kwani huwaka msukumo ukishapotea, na hapo kinachotakiwa ni kuegesha na kuzima mara moja.

*Mimi ni dereva wa bodaboda. Nilikosa oili ya pikipiki nikaweka ya gari, ile nzuri ya bei kubwa. Tangu hapo nikivuta mafuta injini inalia lakini pikipiki haivuti, hasa mlimani. Je, nimeua injini?*
Msomaji, Morogoro

Ndugu yetu, injini haijafa, klachi ndiyo inayoteleza. Katika pikipiki nyingi za kazi, oili moja hulainisha injini na gia, na sahani za klachi zimelowa ndani ya oili hiyo hiyo. Oili nyingi nyepesi za magari hutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili kuokoa petroli, na msuguano huo huo ndio unaoifanya klachi yako ishike. Imwage mapema na uweke oili yenye alama ya kiwango cha Kijapani cha JASO MA au MA2, kwa uzito ulioandikwa kwenye kitabu au ubavuni mwa injini. JASO MB usiichukue, kwani ni ya skuta zisizo na klachi ya namna hiyo. Mara nyingi klachi hurudia hali yake baada ya oili sahihi kuzunguka kwa siku kadhaa. Isiporudi, sahani zimeungua na zitahitaji kubadilishwa.

Pikipiki nyingi za bodaboda hubeba takribani lita moja tu na hupozwa kwa upepo, kwa hiyo ikipungua robo lita tayari ni hatari. Kwa anayebeba abiria kutwa nzima, kilomita 2,000 hadi 2,500 ni kiwango cha busara, na kama injini ina chujio la wavu, mwambie fundi alitoe na kulisafisha.

*Hiace yangu ya dizeli ikibadilishwa oili leo, keshokutwa ni nyeusi kama lami. Ninauziwa oili mbovu?*
Msomaji, Arusha

Ndugu msomaji, injini ya dizeli hutoa masizi mengi, na oili nzuri huwa na sabuni maalumu inayoyashika masizi hayo na kuyaweka yakielea ili yasigande ndani ya injini. Weusi wa siku ya pili unaonesha kwamba oili inafanya kazi yake. Tungepata wasiwasi zaidi kama ingebaki safi kwa mwezi mzima huku ukiifungua injini na kukuta utando mzito chini ya kifuniko cha vali. Chagua oili ambayo alama yake ya API inaanza na C. Kwa Hiace za zamani, 15W-40 yenye CI-4 inatosha. Gari jipya lenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi linahitaji oili yenye majivu machache, kama CK-4, na hapo ufuate kitabu bila kubahatisha.

Dalili za kutisha ni nyingine. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikipanda juu ya alama wakati hukuongeza kitu, tena ikinuka dizeli, basi dizeli inavuja kuingia kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, na gari lisiendelee na safari.

*Nitajuaje kama oili ninayonunua si feki? Duka ninalokwenda huuza kwa bei ya chini sana.*
Msomaji, Mwanza

Ndugu msomaji, kwa macho ya kawaida oili feki haitambuliki kwa rangi wala kwa kuisugua vidoleni, ingawa wapo watakaokuonesha ufundi huo. Kinachokaguliwa ni chombo: pete ya kifuniko iwe haijakatika, karatasi ya chini ya kifuniko iwe imegandishwa vizuri, lebo isiwe imekwanguliwa, na namba ya toleo pamoja na tarehe ya kutengenezwa ziwe zimechapwa kwenye galoni lenyewe. Nunua kituo cha mafuta au kwa wakala anayetambulika, udai risiti. Ukishamaliza, toboa galoni au likate kabla ya kulitupa, kwa sababu galoni zima lenye lebo safi hununuliwa na wanaojaza oili feki.

*Gari langu dogo hutoka mara mbili kwa wiki, sokoni na msikitini. Mwaka mzima halijafikisha kilomita 2,000. Lazima nibadilishe oili? Na ile iliyobaki kwenye galoni tangu mwaka jana bado inafaa?*
Mama msomaji, Zanzibar

Mama, ibadilishe angalau mara moja kwa mwaka hata kama kilomita hazijafika. Katika safari za dakika kumi injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu na petroli iliyojichanganya na oili, na vitu hivyo huzaa asidi inayokula beringi gari likiwa limeegeshwa. Ukiweza, mara moja kila baada ya wiki mbili mpe kijana aliendeshe nusu saa mfululizo. Iliyobaki kwenye galoni inafaa, ilimradi kifuniko kimekazwa, imewekwa kivulini na ni ya uzito ule ule.