Maswali na majibu: Seli za mfupa na vichochezi vya ukuaji

Shikamoo mwalimu. Hivi vichochezi vya ukuaji ni homoni? Nani aligundua kwamba vinajenga mfupa?

Marahaba. Ni protini ambazo seli hutoa ili kuzipa amri seli nyingine, mara nyingi za jirani. Homoni kwa kawaida husafiri na damu hadi mbali. Mpaka kati yao si mkali, kwani IGF-1, kichochezi kinachofanana na insulini, hufanya kazi zote mbili.

Kuhusu mfupa, mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Marekani, alieleza kwamba mfupa ulioondolewa madini kwa asidi, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huzalisha mfupa mpya mahali ambapo haukupaswa kuwepo. Kilichofanya kazi hiyo ni protini zilizobaki ndani yake, ambazo leo tunaziita BMP, yaani protini za kuunda mfupa. Jeni zake zilipatikana mwaka 1988.

Ninakuza seli za mfupa ziitwazo MC3T3-E1. Nikiweka kichochezi cha FGF-2 zinajaa sahani upesi, lakini nikizitia alizarini, rangi ya kuonyesha madini ya kalisi, hazishiki wekundu. Dawa imeharibika?

Sidhani. Seli hizi, zilizotoka kwenye fuvu la panya mchanga, hufanya kazi kwa awamu: huongezeka kwanza, kisha hutandaza kolajeni, mwisho huweka kalisi na fosfeti juu yake. FGF-2 huzing'ang'aniza kwenye awamu ya kwanza. Ukiiacha humo muda wote, kimeng'enya cha alkalini fosfatesi, kinachosaidia kuweka madini, hushuka, na madini hayaji.

Ijaribu siku za mwanzo tu, kisha badilisha maji ya kuzilishia na uendelee bila hiyo. Kichochezi kingine, TGF-beta, kina tabia inayofanana: husukuma seli kuzaliana na kutoa kolajeni mapema, halafu huzuia uwekaji wa madini. Ndiyo maana tafiti mbili kuhusu kichochezi kimoja zinaweza kupingana na zote zikawa sahihi. Mimi nikisoma utafiti wa aina hii, kabla ya kutazama matokeo huuliza kichochezi kiliwekwa siku ya ngapi.

Hakikisha pia una vitamini C, maana bila hiyo kolajeni haikamiliki, na beta-gliserofosfeti, chanzo cha fosfeti, kwa kawaida milimola 10 kwa lita. Usiizidishe: ikiwa nyingi mno, madini hujitunga yenyewe hata juu ya seli zilizokufa, nawe ukashangilia wekundu wa bure. Weka sahani ya kulinganishia isiyo na kichochezi.

Kwa nini wengine hupunguza seramu kabla ya jaribio?

Kwa sababu seramu ya ndama, majimaji ya damu tunayotia kulisha seli, yenyewe imejaa vichochezi, PDGF na IGF vikiwemo. Ukiongeza nanogramu chache za IGF-1 kwenye maji ya kuzilishia yenye seramu asilimia 10, utajuaje kipi kilichofanya kazi?

Ni kweli seli ya msuli inaweza kugeuzwa kuwa ya mfupa?

Katika sahani, ndiyo. Seli changa za msuli wa panya ziitwazo C2C12, zikipewa BMP-2 ya nanogramu 300 kwa mililita, huacha kuunda nyuzi za msuli na kuanza kutoa alkalini fosfatesi na osteokalsini, protini ya seli za mfupa. Lakini usihamishe matokeo ya panya kwa binadamu harakaharaka. Seli za uboho wa binadamu mara nyingi huitikia BMP-2 kwa uvivu, na wengi huziongezea deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi.

Bibi yangu amevunjika nyonga. Naweza kumnunulia BMP?

Hapana, hiyo si dawa ya kununua dukani. Marekani iliiruhusu BMP-2 mwaka 2002 kwa upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo, ikiwekwa kwenye sponji ya kolajeni kwa kiwango cha miligramu 1.5 kwa mililita. Hicho ni mara 15,000 ya nanogramu 100 kwa mililita tunazotumia sana maabara, maana mwilini protini hii huondoka na kuvunjwa upesi. Na dozi kubwa ina gharama: mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya huko ilionya kuhusu uvimbe hatari wa koo kwa waliowekewa shingoni. Mpelekeni bibi kwa daktari wa mifupa mapema, na mwulizeni pia kuhusu matibabu ya udhaifu wa mifupa, kwa sababu nyonga ya mzee ikivunjika kwa kuanguka tu, huenda mifupa mingine nayo imedhoofika.