Nafsi tatu: je, Mungu ana roho tatu?

SWALI: Bwana asifiwe, Pasta. Mimi nauza omena soko la Kibuye, hapa Kisumu. Jirani yangu wa kibanda ni Mwislamu, tumekaa bega kwa bega miaka minne na tunaachiana biashara bila wasiwasi. Juzi tulikuwa tunatoka matangani akaniuliza: "Sisi tunasema kila nafsi itaonja mauti. Nyinyi mnasema Mungu mmoja, nafsi tatu. Kwa hivyo Mungu wenu ana roho tatu? Nazo zitakufa?" Nikamjibu kwa mfano wa maji, barafu na mvuke tuliofundishwa darasa la kipaimara. Akacheka, akasema hata hilo neno Utatu halimo katika Biblia yetu. Nimekosa la kusema. Nisaidie.

JIBU: Bwana asifiwe sana, dada yangu. Jirani yako hakukutega. Amekisikia Kiswahili sawasawa, pengine kuliko sisi tunaokariri. Nafsi, kwa maana ya matangani, ni ule uhai unaomtoka mtu. Neno lilitujia kutoka Kiarabu, na Kiebrania kina ndugu yake, nefeshi, ambalo ndilo lililoko Mwanzo 2:7, "mtu akawa nafsi hai." Kwa maana hiyo, anayesema Mungu ana nafsi tatu amesema miungu watatu, na jirani yako ana haki ya kushtuka.

Lakini neno ni kama gorogoro lako. Asubuhi umepimia omena, jioni mwenzako ameliazima akapimia maharagwe. Ukitaka kujua kilichopimwa, hutazami bati.

Fungua Waebrania 1:3 katika Biblia ya Union. Mwana anaitwa "chapa ya nafsi yake," yaani ya Mungu. Neno la Kigiriki hapo ni hupostasisi. Sasa nenda 11:1: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo." Hiyo "hakika" ni hupostasisi ileile! Watafsiri waliliita nafsi huku na hakika kule, na sioni walipokosea, kwa maana lenyewe linataja kitu kilichosimama chini kikashikilia, kitu kilichopo kwelikweli. Hakuna roho ya kumtoka mtu hapo.

Na usidhani Wagiriki wenyewe walielewana. Baraza la Nikea la mwaka 325 lilikutana kwa sababu ya Ario, kasisi wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Baraza likamlaani yeyote asemaye kwamba Mwana ni wa hupostasisi nyingine au usia nyingine. (Usia wa Kigiriki, yaani kile kitu kilivyo hasa, si ule marehemu anaowaachia watoto.) Unaona? Maneno mawili yametajwa kama mapacha. Mwaka ule ungesema Mungu ana hupostasisi tatu, wengi wangekutazama kwa jicho baya.

Mwaka 362 askofu Athanasio, akiwa amerudi Aleksandria kutoka uhamishoni, alikutana na makundi mawili yaliyokuwa yakishukiana. Hawa wanasema hupostasisi moja, wale wanasema tatu. Hakuanza kwa kulaani. Aliwauliza wale wa tatu: mna maana ya miungu watatu? Wakasema hapana, tuna maana kwamba Baba, Mwana na Roho wapo kweli, si majina matupu. Akawauliza wale wa moja: mna maana kwamba Mwana hayupo? Wakasema hapana, tuna maana kwamba umungu ni mmoja. Kumbe waliamini jambo moja wakalipima kwa magorogoro tofauti. Natamani vikao vyetu vya kanisa vingeendeshwa hivyo.

Waliotenganisha maneno hayo mawili, usia na hupostasisi, kabisa ni maaskofu watatu: Basili wa Kaisaria, mdogo wake Gregori wa Nisa, na rafiki yao Gregori wa Nazianzo. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kina "nini" na "nani". Usia hujibu swali la nini: Baba ni nini? Mungu. Mwana ni nini? Mungu yuleyule, ndiyo maana katika kanuni ya imani twasema "mwenye umungu mmoja na Baba." Hupostasisi hujibu swali la nani. Baba si Mwana, na Mwana si Roho. Baraza la Konstantinopoli la 381 lilisimama kwenye imani hiyo. Upande wa Kilatini walitumia persona, neno lililowahi kumaanisha kinyago cha mwigizaji, na Wagiriki waliliogopa kwa sababu hiyo. Agostino, aliyekuwa askofu huku huku Afrika, alikiri kwamba twasema nafsi tatu si kwa kuwa neno linatosha, bali tusije tukakaa kimya.

Sasa nikupe maana ya nafsi ambayo unaijua tangu shule ya msingi. Mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni: nafsi ya kwanza, mimi, nafsi ya pili, wewe, nafsi ya tatu, yeye. Hakuna mtoto aliyeuliza kama hizo ni roho tatu. Ni yule anenaye, yule anayeambiwa, yule anayetajwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waanzie hapo, wala si uzushi wangu. Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo na Mwafrika mwingine, alisoma Maandiko hivyo hivyo mwanzoni mwa karne ya tatu: nani anasema, anamwambia nani, kuhusu nani. Zaburi 110: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume." Kuna anayenena na kuna anayeambiwa.

Soma tena Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja." Hakusema "ni mmoja," kana kwamba ni yule yule kavaa kofia mbili. Ni "tu", wingi wa nafsi ya kwanza, na ni "umoja". Kigiriki kiko vivyo hivyo, na Tertuliano alilishikilia sana jambo hilo. Usidhani pia ni maigizo ya duniani tu, maana katika Yohana 17:5 Yesu anamwambia Baba habari za utukufu "niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako." "Mimi" na "wewe" walikuwako kabla ya sisi wanadamu.

Hata sarufi tunayoongea sokoni inashuhudia. Roho yako "imechoka", lakini Roho Mtakatifu "ameshuka". Hakuna mwumini anayesema Roho Mtakatifu imeshuka.

Ndiyo maana mfano wa barafu uuache. Barafu haijawahi kuuambia mvuke "wewe". Maji yale yale yanabadilika sura, na hilo ndilo fundisho la Sabelio, mwalimu wa kale, ambalo kanisa lilikwisha kulikataa. Aliyekufundisha alikuwa na nia njema. Mimi pia niliwahi kuufundisha.

La Utatu kutokuwemo katika Biblia ni kweli, wala lisikukoseshe usingizi. Tertuliano ndiye aliyelizoesha katika Kilatini, akitaja kwa neno moja kilichomo Mathayo 28:19, ambapo "jina" ni moja na wanaotajwa ni watatu. Hata neno tauhidi, yaani imani ya Waislamu kwamba Mungu ni mmoja, kwa umbo hilo halimo katika Kurani, na jirani yako haachi kuiamini kwa sababu hiyo. Mwambie kwa upole, mkinywa chai.

Limebaki lile la mauti, na hapo usimpunguzie ukali wa imani yetu. Umungu haufi. Lakini Baraza la Kalkedonia la 451 lilisema Kristo ni nafsi moja mwenye asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, na kwa asili yetu aliyoitwaa alikufa kweli. Jirani yako hatakubali, na ni afadhali mtofautiane hapo kuliko kwenye sarufi. Msomee Waebrania 2:9, kwa maana neno la matangani limo: "kwa neema ya Mungu aionje mauti kwa ajili ya kila mtu."