Jibu: Mtoto wa paka wa mtaani anang'ata sana
Salaam ndugu. Umeuliza kama paka uliyemlea kwa chupa anang'ata kwa sababu mama yake ni wa mtaani. Damu inachangia, ila kwanza angalia: alikua peke yake? Wangu ndivyo alivyokua. Anakoroma kwa raha mapajani, ghafla masikio yanalala, mkia unapigapiga, halafu meno kwenye kidole gumba! Ndugu zake ndio wangemfunza kung'ata kwa kiasi.

Acha kumchezesha kwa mkono mtupu, tumia kamba. Aking'ata usivute mkono. Tulia, kisha ondoka. Ukiweza, mtafutie mwenzake wa rika lake. Kuhusu woga usihangaike: wiki ya 2 hadi ya 7, umri wa kuzoea watu, alikuwa mikononi mwako.