Dada Mshauri anajibu: Niko welfea Kanada, naweza kumleta mume wangu?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Kanada na karibu zote zinauliza kitu kimoja, ukila hela ya serikali ya kujikimu, yani welfea, unaweza kumdhamini mume au mke aje kuishi huko? Naona watu wanatishana sana huko. Mwingine kaambiwa hata hela ya watoto inaharibu kesi, mwingine kaambiwa we jaza tu fomu hawataona. Yote mawili si kweli na hilo la pili ni hatari kabisa. Nimechagua barua nne.

Swali

Shikamoo Dada. Mi niko Hamilton, Ontario, nina watoto wawili, mume wangu wa ndoa yuko Kigoma. Nafanya kazi ya usafi usiku lakini masaa hayatoshi kwa hiyo Ontario Works wananiongezea kidogo kila mwezi. Hela ya watoto pia napata. Shoga yangu kaniambia mtu aliyekula welfea hadhamini mpaka ipite miaka mitano, mwingine ananiambia kipato changu kidogo, hata nikiacha welfea watanikatalia tu. Nimechoka kila mtu na lake, mdogo wangu wa mwisho namaanisha mwanangu anamjua baba yake kwenye simu tu. Nifanyeje?

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na pole na kazi za usiku.

Kwanza tutenganishe hizo hela maana ndo wengi wanapopotea. Hela ya watoto, yani Canada Child Benefit, haikuzuii. Bima ya kukosa kazi, ile EI, haikuzuii, na humo imo ya likizo ya uzazi. Pensheni ya uzeeni na ile ya CPP unayochangia ukiwa kazini hazikuzuii, hela ya GST, yani kodi ya manunuzi, wanayorudisha kila miezi mitatu haikuzuii. Watoto kusoma bure na kutibiwa kwa kadi ya afya, hayo hata usiyawaze.

Kinachozuia ni kimoja, msaada wa kijamii unaotolewa na jimbo kwa sababu isiyokuwa ulemavu. Kwa Ontario ndo hiyo Ontario Works. Kanuni za uhamiaji za Kanada, kifungu cha 133, zinasema mdhamini asiwe anapokea msaada huo, na hazijaweka kiwango, hazisemi ukipokea kidogo utasamehewa. Kwa hiyo hata kama unafanya kazi na wao wanakuongezea dola chache tu, kwa macho ya afisa we uko welfea. Najua inauma kwa sababu unajituma, ila bora uijue sasa kuliko uijue kwenye barua ya kukataliwa.

Hiyo miaka mitano ya shoga yako ipo kweli lakini si ya welfea. Inamhusu mtu ambaye yeye mwenyewe aliletwa Kanada kwa kudhaminiwa na mume au mke, huyo haruhusiwi kudhamini mwenzi mwingine mpaka atimize miaka mitano tangu apate PR, yani ukaazi wa kudumu. Kama we hukuja kwa njia hiyo basi haikuhusu.

Na kuhusu kipato kidogo, hapo naomba usikilize vizuri, KWA MUME AU MKE HAKUNA KIWANGO CHA CHINI CHA KIPATO. Vile viwango watu wanavyotajiana ni vya kuwaleta wazazi na mababu. Kwa mwenzi vinaingia pale tu ambapo kuna mtoto anayekuja naye, na huyo mtoto tayari ana mtoto wake. Wanaoishi Quebec wafuate utaratibu wa jimbo lao maana wao wana hatua zao za ziada.

Sasa cha kufanya. Kanuni inaangalia siku unayopeleka ombi na kuanzia hapo mpaka siku uamuzi unapotoka. Sio miaka ya nyuma. Ukishafunga faili lako la Ontario Works omba barua inayoonyesha tarehe lilipofungwa, uitunze, uiambatanishe. Hii barua inasaidia sana kwa sababu kwenye makaratasi ya kodi ile slipu ya T5007 itaonyesha kwenye kisanduku cha 11 kwamba mwaka uliopita ulipokea, na kwenye ritani yako ya kodi inasomeka mstari wa 14500. Afisa akiona namba hapo na hana barua atajiuliza kama bado unapokea. Ukiwa na barua yenye tarehe swali limejibiwa kabla halijaulizwa.

Ila usikurupuke ukafunga faili Jumatatu ukapeleka ombi Jumanne. Sheria haikukatazi, lakini jiulize, utamudu mpaka majibu yatoke? Kungoja mwaka na zaidi si ajabu, na ukirudi Ontario Works hapo katikati unakuwa umepoteza sifa ya kudhamini na ombi litakwama. Mi ningekushauri utafute kwanza masaa ya kutosha au kazi ya pili, ukae miezi kadhaa uone kodi ya nyumba inalipika na watoto wanakula bila ile nyongeza, ndo upeleke. Masaa yakipungua tena baadaye ulizia EI kwanza kama umefikisha masaa yanayotakiwa, maana hiyo haikuharibii. Na kama ukiona watoto watalala njaa, basi subiri, ombi unaweza kulipeleka mwaka mwingine.

Kwenye fomu ya udhamini, IMM 1344, kuna swali la kutiki, wakikuona huna sifa za kudhamini unataka kuondoa ombi au liendelee? Watu wanalipita kama halina maana. Ukichagua kuondoa, ada karibu zote unarudishiwa isipokuwa ile ya udhamini. Ukichagua liendelee, hela imekwenda, lakini kesi ya mumeo inaendelea mpaka uamuzi na unabaki na haki ya kukata rufaa kama yeye ameombea akiwa nje ya Kanada. Lisome, uamue, ndo utiki.

Kuna pia mlango wa kuombea kwa sababu za kibinadamu, yani unawaomba wakuondolee hicho kikwazo cha welfea kwa kueleza hali yako na maslahi ya watoto. Upo kisheria, lakini uamuzi ni wao, usiutegemee kama njia ya kwanza na usiuandike peke yako. Ontario kuna kliniki za sheria za bure zinazofadhiliwa na Legal Aid Ontario, nenda na makaratasi yako yote.

Na huyo anayekwambia ufiche, mkimbie. Ukidanganya kwenye ombi anayeadhibiwa ni mumeo, anaweza kufungiwa miaka mitano asiombe PR, kwa uongo ambao hata hakuuandika yeye.

Swali

Dada habari za kazi. Mimi ni mwanaume wa Toronto, niliumia mgongo kazini nikashindwa kabisa kufanya kazi, sasa niko ODSP. Mke wangu yuko Mombasa na ana kisukari. Rafiki zangu wananiambia we mgonjwa na mkeo mgonjwa, serikali itawakubalia vipi?

Jibu

Nzuri kaka yangu, pole sana na maumivu.

ODSP ni msaada wa ulemavu na kanuni inasema wazi kwamba kinachozuia ni msaada kwa sababu isiyokuwa ulemavu. Kwa hiyo unaruhusiwa. Wa majimbo mengine nao ni hivyohivyo, mtu wa Alberta aliye AISH hajafungiwa mlango. Pata barua kutoka ofisi ya ODSP inayosema uko kwenye mpango huo, maana T5007 ya ODSP na ya Ontario Works zinafanana na afisa asije akakuchanganya.

Kisukari cha shemeji nacho kisikutishe. Waombaji wengi wa PR wanaweza kukataliwa kama matibabu yao yatailemea bajeti ya afya, lakini mume, mke na watoto wanaodhaminiwa wameondolewa kwenye hicho kipengele. Atapimwa kama kila mtu, ugonjwa ambao ni hatari kwa wengine wataufuatilia, lakini gharama ya dawa za sukari sio sababu ya kumkatalia.

Ninachotaka ukifikirie sana ni siku atakapofika. Akianza kuishi na wewe inabidi uwaambie ODSP, nao watawahesabu kama familia moja, na akipata kazi mshahara wake unaweza kupunguza hela yako. Halafu kuna ile ahadi utakayosaini. Unapomdhamini mke unaahidi kwamba kwa miaka mitatu tangu apate PR hatategemea msaada wa kijamii, na msaada utakaotolewa kwa ajili yake unaweza kugeuka deni juu yako. Kwa hiyo kabla hujamwongeza kwenye faili muulize afisa wako, na jibu alitoe kwa maandishi, hiyo hela ya mke itahesabiwaje? Mpango mzuri ni yeye aje akijua anakuja kutafuta kazi mapema, mzungumze hilo sasa hivi kwenye simu kabla hajapanda ndege.

Swali

Dada, nimelia sana kabla ya kukuandikia. Nilimdhamini mume akaja hapa Ottawa, hata miaka miwili haikuisha akaondoka. Tumeachana kwa talaka. Juzi nimeletewa barua ya kulipa hela za welfea alizokula yeye! Mimi nimeshapata mchumba mwingine na nataka nimlete. Kwani talaka haifuti?

Jibu

Pole mdogo wangu, hili ni gumu na sitakupaka mafuta. Talaka haifuti. Hata yeye akipata uraia haifuti. Ile ahadi ya miaka mitatu uliiweka kwa serikali, sio kwa mumeo, kwa hiyo ndoa ikifa yenyewe inabaki hai mpaka muda wake uishe.

Watu wa Ontario walishalipeleka hili mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada, kesi inaitwa Mavi, ikaamuliwa mwaka 2011. Walikuwa wadhamini waliodaiwa kama wewe, baadhi yao uhusiano ulishavunjika. Mahakama ikasema deni ni deni, serikali haiwezi kulifuta tu, LAKINI lazima kwanza ikujulishe, ikupe nafasi ya kueleza hali yako, na inaweza kukupa muda au kukuwekea malipo ya kidogokidogo. Hiyo nafasi ya kueleza ndo silaha yako, usiitupe kwa kuogopa kufungua bahasha.

Chukua hiyo barua uweke pembeni ya karatasi ya siku alipopata PR. Hesabu miaka mitatu kuanzia hapo. Halafu angalia mwezi mmoja mmoja aliolipwa welfea, ile iliyo ndani ya miaka mitatu ni yako, iliyo nje si yako, na kama wamekuchanganyia andika barua upinge na tarehe zako. Kisha andika mshahara wako, kodi, watoto, omba mpango wa malipo unaoumudu, na mkikubaliana pata nakala.

Kuhusu mchumba, kwanza mfunge ndoa maana mchumba tu hadhaminiki. Pili, hutaweza kudhamini mume mwingine mpaka ile miaka mitatu ya wa kwanza iishe, hata kama asingekula senti ya welfea. Na tatu, maadamu hilo deni lipo umekwama vilevile, mpaka uwe umelipa lote au umelipa kulingana na makubaliano mliyoandikiana na jimbo. Ndo maana nakuhimiza uanze na hiyo barua leo.

Na hapa niseme na wale mlioletwa na mnasoma hili mkiwa mnapigwa ndani. Usikae kwenye kipigo kwa sababu mtu anakwambia ukiondoka utarudishwa kwenu. Lile sharti la kuishi pamoja miaka miwili lilifutwa Aprili 2017. Kama ndoa yako ilikuwa ya kweli, kuondoka kwa mume mkatili hakukunyang'anyi PR, na ukihitaji msaada wa kula uombe. Deni litafuata mkondo wake, maisha yako kwanza.

Swali

Kaka yenu wa Winnipeg hapa. Nimeletwa na UNHCR kama mkimbizi kutoka Nyarugusu, nina miezi saba tu. Mke wangu alibaki kambini. Bado naishi kwa hela ya serikali. Ningoje mpaka nipate kazi ndo nimdhamini?

Jibu

USINGOJE kaka. Kwa wakimbizi walioletwa na kupewa makazi kuna njia nyingine, haiitwi udhamini kabisa, na ina mwisho wa mwaka mmoja tangu siku uliyopata ukaazi wa kudumu. Kama mkeo ulimwandika kwenye fomu zako kabla hujasafiri, unapeleka ombi lake ndani ya huo mwaka, na kwa sababu hakuna udhamini hakuna anayekuuliza kuhusu kazi wala hela ya serikali. Umebakiwa na miezi mitano. Wiki hii nenda kwenye shirika lililokupokea, waambie unataka ombi la familia la ndani ya mwaka mmoja, na beba nakala ya fomu yenye jina lake na picha na ujumbe wenu wa simu.

Mwaka ukipita utarudi kwenye udhamini wa kawaida na yale yote niliyomwambia dada wa Hamilton yatakuhusu. Na kama hukumwandika kabisa, hiyo ni kesi nyingine na ni nzito, usipeleke karatasi yoyote kabla hujaonana na mwanasheria wa uhamiaji.