Anza na Karafuu, Bango Litafuata

Wiki iliyopita kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Morogoro, meza yangu ilizungukwa na watu hadi nikakosa pa kukaa. Nalisema kwa fahari, maana mwaka juzi nilisimama viwanja vilevile na mabango manne ya seli za mimea na majina ya Kilatini, na watu walinipita. Waliosimama waliomba kalamu. Iliniuma sana.

Safari hii nilibeba sahani ya karafuu, kikombe cha maji ya moto, wembe na lenzi. Nikamwuliza mama mmoja, "Mama, hii ni mbegu au tunda?" Akajibu mbegu. Nikachukua moja iliyolowa, nikaipasua katikati, nikampa lenzi. Ndani ya kile kichwa cha mviringo petali, yaani vijani vya ua, zimefumbatana, na chini yake stameni, zile nyuzi za kiume za ua, zimejikunja. Nikamweleza kwamba karafuu huchumwa kabla haijachanua; ikichanua, thamani imepotea. Akamgeukia shoga yake: "Njoo uone, kumbe pilau tunatia maua!" Baada ya hapo sikuita mtu tena.

Swali lililorudi kila saa ni la mpapai usiozaa. Niliwaonyesha maua: ya mpapai dume huning'inia kwenye vikonyo virefu, ya jike hukaa karibu na shina. Mzee mmoja alikuwa ameshaupigilia wake msumari ili ugeuke jike. Sikumcheka. Nilimwomba anieleze maua yake yalivyokaa, akanieleza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi.

Mwenzangu mmoja kazini alisema, mbele ya vijana, kwamba nimegeuza sayansi kuwa genge la viungo. Kauli ile bado inanichoma. Lakini ndugu zangu mnaosomea mimea, tusijidanganye! Watu wanakula mimea, wanajitibu kwa mwarobaini, wanaezeka kwa makuti, halafu sisi tunawaanzishia somo kwenye kloroplasti, vile vichembe vya kijani ndani ya seli za jani. Anza na kilicho jikoni kwao. Uliza kabla ya kueleza. Mpe mtu wembe apasue mwenyewe. Jina la Kilatini litaje mwisho, akishaupenda mmea. Na narudia, anza jikoni kwao, hata kama wakubwa wako watanuna.

Jioni yule mama alirudi na wanawe wawili, kiganjani ana punje tatu za iliki.

"Na hii, mwalimu?"

Nikampa wembe.