Kila mpiga kamera aone shoti zake tu

Umeuliza ni programu gani itawapa wapiga kamera wako wanne orodha ya shoti mkiwa hewani, badala ya karatasi. Kama ni onyesho la muziki lililopangwa sekunde kwa sekunde, CuePilot, programu ya kupanga shoti za kamera mapema, inastahili gharama yake. Hutumika Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, na mpiga kamera huona shoti zake zikija kwa mpangilio. Kwa mdahalo au mahojiano usihangaike nayo, maana mazungumzo hayafuati ratiba.

Hapo mimi ningetumia Google Sheets. Safuwima ya namba, ya kamera, ya maelezo mafupi: "14, K2 (yaani kamera ya pili), mgeni, karibu, sogea kushoto." Kisha kila mmoja mtengenezee mwonekano wake wa kichujio (filter view), unaomwonyesha mistari ya kamera yake tu, ili akibaki na K2 peke yake asiwavurugie wenzake. Wape ruhusa ya kutazama tu kwenye simu zao, maana wakiweza kuhariri, kidole kimoja kikiteleza kinaweza kufuta mstari mzima. Na tafadhali, weka skrini kwenye hali ya giza (dark mode), kwa sababu skrini nyeupe ya simu kando ya kamera humulika uso wa mtu gizani.

Wai-fai iwe yenu peke yenu, watazamaji wasiijue. Hedseti zibaki masikioni: mwongozaji akibadili shoti ghafla, hakuna muda wa kusoma.