Elektroni na sanduku la mnada wa korosho

SWALI: Mwanangu wa kidato cha sita ananiambia kwamba elektroni haina mahali maalumu hadi ipimwe, na kwamba wanafizikia wote wamekubaliana hivyo. Mimi naona ni kama zabuni za mnada wetu wa korosho enzi za masanduku: bei ilikuwa imeshaandikwa, ila sisi wakulima hatukuijua mpaka sanduku lifunguliwe. Nani yuko sahihi? (Mkulima, Newala, Mtwara)

JIBU: Mzee wetu, kijana ameueleza vyema msimamo uliotokana na Niels Bohr na Werner Heisenberg, uitwao tafsiri ya Copenhagen, lakini amekosea kusema kuwa wote wanaukubali. Wanachokubaliana ni hesabu, kwani mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926, unaoeleza mwenendo wa chembe kama elektroni, hutabiri matokeo ya majaribio kwa usahihi mkubwa. Ugomvi uko kwenye maana yake. Jarida la Nature lilipowauliza watafiti zaidi ya 1,100 mwaka 2025, asilimia 36 walichagua Copenhagen na asilimia 15 wakachagua tafsiri ya malimwengu mengi, aliyoiasisi Hugh Everett mwaka 1957, isemayo kuwa kila matokeo yanayowezekana hutokea, kila moja katika ulimwengu wake. Kinachonivutia zaidi ni kwamba takriban robo tu ya waliojibu waliamini kuwa tafsiri waliyoichagua ndiyo ya kweli.

Mfano wako wa sanduku una uzito kuliko unavyodhani. Chukua masanduku mawili, la Newala na la Masasi, yawe badala ya chembe mbili zenye asili moja zilizotenganishwa. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha kwamba, ikiwa bei zimeandikwa mapema na sanduku la Newala haliwezi kuliathiri papo hapo lile la Masasi, basi kuna kikomo cha jinsi majibu ya masanduku hayo mawili yanavyoweza kulingana. John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022, walifanya majaribio yaliyokivuka kikomo hicho, yaani masharti hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Hata hivyo hujashindwa kabisa, maana katika nadharia ya David Bohm ya mwaka 1952 elektroni ina mahali pake wakati wote, mradi ukubali kwamba tukio la Newala hugusa la Masasi bila kuchelewa, ijapokuwa huwezi kulitumia kupeleka ujumbe.

Katika dodoso la watu 33 mkutanoni Traunkirchen, Austria, mwaka 2011, hakuna aliyemchagua Bohm. Nisingelihesabu hilo kuwa ushahidi dhidi yake, kwa kuwa utabiri wake unafanana na wa Copenhagen, na kura haziwezi kutenganisha kile ambacho vipimo havijakitenganisha. Nadharia ya Ghirardi, Rimini na Weber ya mwaka 1986 ni tofauti: yenyewe inaubadilisha mlinganyo wa Schrödinger na kutoa utabiri tofauti kidogo, hivyo maabara inaweza kuikanusha.